Siku Tuliyomwandaa Mmbone kama Fahali

Mechi ya softboli ikiamua kukuudhi, inakuudhi polepole. Kandanda ukifungwa umefungwa, unalia unaenda zako nyumbani. Lakini huu mchezo wa kurusha, kupiga na kukimbia kuzunguka vituo unaweza kukukalisha juani saa mbili nzima ukimwangalia mtoto mmoja amesimama kituo cha tatu, hatua chache tu afike nyumbani, yaani kituo cha mwisho, na wenzake wanaotakiwa kumleta wanapiga hewa. Wa kwanza hewa. Wa pili hewa. Wa tatu naye ni yale yale, halafu timu zinabadilishana na yule mtoto anarudi mikono mitupu. Jumamosi iliyopita mtoto huyo alikuwa Linet, kitinda mimba wa rafiki yangu Mmbone, na jambo hilo lilimpata mara tatu.

Mimi na Mmbone tulikuwa tumeketi juu ya leso moja kando ya uwanja wa shule ya upili, nje kidogo ya mji wa Kakamega. Nyasi zilikuwa zimefyekwa asubuhi ile ile na harufu yake ilikuwa inawasha pua. Mmbone huuza ndizi pale Khayega, na siku hiyo alikuwa amefunga biashara ili aje kushangilia. Alishangilia mpaka sauti ikamkauka. "Pigeni, nyinyi! Kwani mnaogopa hiyo mpira itawauma?" Mwishoni kabisa mpira ulipaa juu, ukashuka taratibu ukimjia Linet mikononi, mpira mwepesi ambao hata mimi na magoti yangu haya ningeudaka. Ukamponyoka. Wasichana wawili wa upande wa pili wakakimbia mpaka nyumbani, mechi ikaishia hapo.

Mmbone hakupiga kelele tena. Alishusha mikono akasema kwa sauti ya chini, vile mtu hutaja ugonjwa wa ukoo wao: "Hiyo ametoa kwangu. Sisi siku kubwa ikifika tunalegeanga. Leo namwambia aache hii mchezo, asome tu. Damu yetu haiwezi."

Nilitazama chini. Nilikuwa na jambo la kumwambia juu ya hiyo damu yao, na nilikuwa nimelificha tangu tukiwa na miaka kumi na mitatu.

Ninyi mliosoma enzi za maziwa ya pakiti shuleni mnaikumbuka raunda. Ni ndugu maskini wa softboli: mpira wa tenisi uliokwisha manyoya, gongo fupi lililochongwa na fundi wa milango, na vijiti vinne vya mkaratusi vilivyochomekwa ardhini. Mmoja anarusha, mwenzake anapiga halafu anakimbia kuvizunguka vijiti vyote kabla mpira haujamfikia. Wavulana walikuwa na kandanda yao. Raunda ilikuwa yetu, sketi tumezichomeka ndani ya bluma, miguu mitupu, vumbi hadi kwenye nyusi.

Na katika raunda hakukuwa na mtu kama Mmbone. Alikuwa mrefu, mkimya, na alikuwa akipiga mpira unaingia katika mahindi ya mwalimu mkuu, kisha anazunguka vijiti kabla hatujajua umeangukia wapi. Alikuwa akiishi na bibi yake nyuma ya kanisa. Wazazi wake walikuwa wamekufa wakifuatana, na watu wazima walikuwa wakizungumzia vifo vile kwa kunong'ona, sisi watoto tukifukuzwa tukachote maji. Bibi mwenyewe alikuwa amezeeka, shamba lake ni kipande cha maharagwe. Kila mtu alijua kwamba Mmbone akimaliza darasa la nane, masomo yamekwisha.

Ndipo Madam Respa, mwalimu wetu wa michezo, alipotukusanya chini ya ukuta wa darasa la tano akatuambia habari. Fainali yetu ingetazamwa na mwalimu mkuu wa shule moja ya bweni ya wasichana, na mama huyo alitaka wachezaji. Angemchukua msichana mmoja, amsomeshe bila karo mpaka kidato cha nne. Madam hakutaja jina la mtu, wala hakuhitaji. Sote tuligeuka tukamtazama Mmbone, naye akainama akajifanya anachomoa mwiba.

Sasa lazima niwaambie kuhusu babu yangu. Tulimwita Kuka, na Kuka alikuwa na fahali wa kupigana aliyeitwa Askari. Kwetu Shinyalu fahali wa kupigana si ng'ombe, ni mheshimiwa. Hakulima, hakuvuta kitu, alikula tu na kulala katika zizi lenye giza asizoee kuona ng'ombe wenzake. Mimi ndiye niliyekuwa nikimkatia majani ya nepia, kwa hiyo niliruhusiwa kufika pale ambapo wanawake wengine hawakufika. Na Kuka alikuwa na masharti yake. Kuanzia Ijumaa hamsalimii mtu kwa mkono. Mtu asipite mbele ya fahali, apite nyuma. Asubuhi ya kupigana anatolewa kwa ngoma za isukuti, na akishatoka hakuna kumwita jina mpaka afike uwanjani.

Siku moja nilimkuta Kuka akitwanga majani na mizizi. Alichanganya na maji, akatia katika chupa, akamfungua Askari mdomo akammiminia. Alinigeukia akiwa na kidole mdomoni. "Hii hautamwambia mtu. Dawa ikitajwa inahamia kwa adui. Hata yeye mwenyewe hajui amekunywa nini." Jumamosi ya wiki hiyo Askari alimsukuma mpinzani wake mpaka kwenye mahindi ya watu, na wanaume wakambeba Kuka mabegani kama bwana harusi. Nilikuwa mtoto. Nilipiga hesabu yangu nikapata jibu langu: ni ile chupa.

Kwa hiyo ilipobaki siku mbili kabla ya fainali nikawaambia wenzangu, "Jamani, kwa nini tusimwandae Mmbone kama ndume?"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Lakini watoto wa Shinyalu wakicheka jambo kama hilo hawaliachi hapo. Ijumaa nzima hakuna aliyemsalimia Mmbone kwa mkono. Tulipita nyuma yake tu, hata kwenye foleni ya chakula. Mchana tulimfungia katika stoo ya kuni ya jikoni, gizani, tukamletea viazi vitamu kwa sufuria huku tumeinamisha vichwa. Alikuwa akijitahidi asicheke. Akapiga kwato chini, akapumua kwa pua, mmoja wetu akakimbia nje kwa hofu ya kweli! Nadhani sikuwahi kumwona amefurahi vile. Kwa siku moja mtoto yule asiye na wazazi alikuwa na watu wanane wa kumtunza.

Mambo yangeishia hapo, leo ningekuwa nasimulia kichekesho. Lakini jioni ile nilipanda kwenye paa la zizi nikashusha chupa ya Kuka, ambayo ilikuwa imebaki karibu nusu. Sikumwambia mwenzangu hata mmoja, maana dawa haitajwi. Asubuhi Mmbone alipita kwetu kama tulivyopanga, nami nikampa uji wa wimbi katika kikombe cha bati. Nusu ilikuwa uji, nusu ilikuwa dawa, na sukari yote niliyoweza kuiba kabatini kwa mama.

Alionja akakunja uso. "Uji yenu ni chungu."

"Ni wimbi ya mwisho wa gunia," nikasema. "Kunywa tu, utapata nguvu."

Akanywa yote. Alikipangusa kikombe kwa kidole akakirudisha kwa mikono miwili, akasema asante. Kwao uji wa asubuhi haukuwa wa kila siku, na nadhani alikunywa kwa adabu.

Tulimpeleka uwanjani tukipiga madebe badala ya isukuti, tukiimba ule wimbo wa fahali, yeye katikati na tawi la mti mkononi. Wanawake waliokuwa wakienda sokoni walisimama wakapiga vigelegele. Raundi ya kwanza alipiga mpira ukavuka barabara. Alizunguka vijiti vyote anatembea, halafu zamu yake iliporudi akafanya hivyo tena. Yule mwalimu mkuu mgeni, mama mnene mwenye kofia ya ukili, aliinuka kwenye kiti. Nilijiambia, ni mimi! Ni mimi nimefanya hivi na hakuna anayejua.

Raundi ya pili alipiga vizuri pia, akakimbia mpaka kijiti cha tatu, akasimama. Alikishika kile kijiti kwa mikono miwili. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni na midomo imemgeuka rangi. Aliyemfuata akapiga, mpira ukaenda mbali kabisa, sote tukapiga kelele, "Kimbia, Mmbone! Njoo nyumbani!" Na Mmbone akakimbia. Hakuja kwetu. Alikata kona akavuka uwanja mzima kuelekea vyoo, mkono mmoja tumboni na mwingine nyuma ya sketi, mbele ya watu wa shule nne.

Mnajua watoto walivyo. Kicheko kilianza upande wa wapinzani kikazunguka uwanja wote. Alirudi sketi imelowa maji, akaomba aendelee. Alisimama kidogo, akakimbia tena. Mara ya tatu hakufika.

Madam Respa alimshika bega akamtoa kando. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwao, gongo mkononi, zamu yangu imefika.

"Umekula nini leo?"

"Uji tu, Madam. Sijakula kitu mbaya."

"Basi ni uoga. Umemwona yule mgeni ukaogopa, si ndiyo?"

Mmbone alinitazama. Si kwamba alinishuku. Alitaka tu uso wa mtu anayemjua. Kisha akasema, "Ndiyo, Madam. Ni uoga."

Mnaniuliza kwa nini sikufungua mdomo? Nitawaambia ukweli, na mcheke mkitaka. Nilidhani dawa ndiyo kwanza inaanza kushika. Nilidhani nikiitaja itahamia kwa wale wengine, na Mmbone atakuwa ameumia bure. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka ashinde. Halafu nikaenda kupiga, na sijui ni hofu au ni nini, nilipiga kama sijawahi kupiga maishani mwangu. Nilizunguka mara tatu siku ile. Tulishindwa kwa mzunguko mmoja, lakini mchezo ulipokwisha mama mwenye kofia alikuja moja kwa moja akaniuliza jina langu na jina la baba yangu.

Jioni Kuka aliikuta chupa tupu. Akauliza nyumba nzima nani ameimwaga.

"Ilianguka, Kuka," nikasema. "Nilikuwa natafuta mayai."

"Ilianguka! Si afadhali, kuliko mtu kuinywa." Akacheka. "Hiyo ni ya kuharisha, mjukuu wangu. Nampa Askari Jumatano, anatoa uchafu wote, Alhamisi na Ijumaa anakula vizuri, Jumamosi anakuwa mwepesi. Ukimpa siku ya kupigana atakufa na aibu."

Kumbe siku ile niliyomkuta akitwanga ilikuwa Jumatano. Nilikuwa nimeona jambo moja kati ya mambo matatu nikajiona mjuzi. Nilienda nyuma ya nyumba nikatapika, ingawa mimi sikuwa nimekunywa chochote.

Nilikusudia kusema Jumatatu. Jumatatu ikafika nikakuta wamempa jina, lile jina sitaliandika hapa, na Mmbone anacheka nao ili yaishe. Nikasema nitasubiri jina lisahaulike. Barua ya nafasi ilipokuja ikiwa na jina langu, mama alipiga magoti sakafuni akashukuru Mungu, na nikasema, basi, nitasema tukimaliza mtihani. Baada ya mtihani nikasema nitasema siku ya kuondoka. Na siku ya kuondoka Mmbone alikuja kwetu mapema kuliko ndugu zangu, akajitwisha sanduku langu la bati kichwani akalipeleka mpaka barabarani Khayega. Njiani alinisifu. "Wewe ulijikaza," akasema. "Mimi niliona yule mama tumbo ikakataa. Kila mtu na yake." Nilitembea nyuma yake nikiwa nimeshika mto na ndoo.

Mwezi uliofuata alipelekwa Matungu kwa shangazi yake, kulea watoto wa watu huku wazazi wao wakiwa kwenye mashamba ya miwa. Alirudi baada ya miaka akiwa na mtoto mgongoni. Mimi nilimaliza shule, nikasomea ukarani, nikaajiriwa ofisi ya serikali mjini, nikaolewa, nikajenga. Tumebaki marafiki. Nimemsaidia kwa hili na lile, na watu husema nina moyo mzuri. Nikisikia hivyo hujisikia vibaya siku nzima. Wakati mwingine nilijiambia kwamba mambo ya utoto ni ya utoto, na kumwambia sasa ni kumtonesha kidonda. Ulikuwa uongo mtamu. Kilichonizuia baada ya ile siku ya kwanza hakikuwa dawa ya Kuka wala huruma. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake na sikutaka kuinuka.

Lakini sikujua jambo moja mpaka Jumamosi iliyopita. Nilidhani nilimnyang'anya shule tu. Sikujua kwamba miaka yote hii amekuwa akiamini mwili wake ulimsaliti, na kwamba amekuwa akiwalisha watoto wake imani hiyo hiyo.

Linet alikuwa anakuja kwetu akiburuta miguu, kofia imemfunika macho. Mmbone alijisogeza ampishe aketi, amwambie lile neno. Nikamshika mkono.

"Mmbone, ngoja kwanza. Mwambie asubiri pale."

"Kuna nini, Mama Brian?"

Nikamwambia. Nilianza vibaya, nikaanzia kwa Kuka, nikarudi kwenye uji, nikalia katikati kama mjinga. Nilimwambia chupa ilikuwa ya nini na ilikuwa ya siku gani. Nilimwambia nilisikia akikubali kwa Madam kwamba ni uoga, na nilikuwa karibu kiasi cha kumgusa. Sikumwomba msamaha mwanzoni, nilitaka asikie yote kwanza. Nilipofika kwenye msamaha, maneno yalikuwa yameniishia, nikabaki nasema "pole" tu, pole, pole.

Watu walikuwa wanaondoka uwanjani wakiburuta viti.

"Nusu kikombe?" akauliza.

"Nusu."

"Na kabla ishike, nilikuwa nimezunguka?"

"Mara mbili. Ya kwanza ulikuwa unatembea."

"Nakumbuka hiyo," akasema. Alikuwa anatazama mbali. "Nilikuwa nafikirianga niliota." Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ngumu. "Nimeambia watoto yangu wanne hatuwezi. Wanne! Huyu mkubwa aliitwa mbio za mkoa nikamkataza. Nilimwambia, utatuaibisha. Ulikuwa hapo. Ulikuwa umekuja kunywa chai."

Nilikuwapo, kweli. Nilikunywa chai ile nikamaliza kikombe.

Alisimama. Akavuta leso, ikabidi niinuke nami, akaikung'uta nyasi akaikunja mara mbili akaishika kwapani. Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru. Hakufanya hivyo. Alivua viatu vyake vya soko akaviacha pale pale, akaingia uwanjani.

"Linet! Kuja na hiyo mpira."

"Mama, mechi imeisha."

"Nimesema kuja nayo. Na toa hiyo kofia kwa macho."

Akaushika ule mpira, akaupima uzito mkononi, akaurusha juu. Sijui mkono wa mwanamke wa umri wetu anayeuza ndizi ulitoa wapi nguvu ile, maana mpira ulipaa juu ya miti ya ua. Ukamponyoka Linet. Mmbone akauokota mwenyewe, akarudi mahali pake.

"Tena," akasema. "Wewe unaweza. Hata mimi nilikuwa naweza."

Linet akaudaka wa tatu. Akaudaka wa nne na wa tano, akaanza kucheka, na mama yake akawa anarudi nyuma hatua moja kila mara ili arushe mbali zaidi. Waliendelea hivyo mpaka mlinzi akaja kufunga geti. Mimi nilisimama kando nikiwa nimemshikia viatu. Hakuniita.